Brashi au Kalamu ya Wino?

Kila muhula wanachama wageni huniuliza swali hili: mtu akitaka mwandiko mzuri wa Kichina, aanze na brashi au na kalamu ya kawaida? Walimu wengi wa khati watakwambia brashi kwanza. Mimi nina shaka, hasa kwa mwanafunzi mwenye saa chache kwa wiki.

Wachina wana majina mawili. Maobi shufa ni khati ya brashi. Yingbi shufa ni khati ya kalamu ngumu, yaani kalamu ya wino, bolpeni au hata penseli. Ya kwanza ni kongwe. Wang Xizhi aliandika dibaji yake ya Lanting mwaka 353, na wanafunzi wanaiiga hadi leo, ingawa karatasi ya asili ilipotea na tunachokiona ni nakala. Ya pili, kama sanaa yenye jina lake, ilivuma miaka ya 1980 kwa vitabu na masomo ya televisheni ya Pang Zhonghua.

Tofauti iko kwenye ncha. Brashi ya manyoya ya mbuzi ni laini na hunywa wino mwingi. Ya manyoya ya kicheche (Wachina huiita ya mbwa mwitu, msidanganyike) ni kavu zaidi na hujirudi upesi. Ukikandamiza, mstari hunenepa. Ukiinua mkono, hukonda. Kalamu ngumu haina hayo. Unene wake haubadiliki sana, kwa hiyo uzuri wote hubebwa na mpangilio: nafasi kati ya mistari, mizani ya kulia na kushoto. Ukikosea mizani, hakuna wino mzito wa kukusitiri.

Waswahili walioandika tenzi kwa herufi za Kiarabu walitumia kalamu ya mwanzi yenye ncha iliyochongwa. Nayo hutoa mistari minene na myembamba, lakini kwa sababu ya upande ilikoelekezwa ncha, si kwa uzito wa mkono. Aliyezoea khati ya Kiarabu akishika brashi ya Kichina huizungusha, wakati alitakiwa kuibonyeza.

Sasa nirudi kwenye swali. Brashi inafundisha jambo moja ambalo bolpeni huficha. Chukua herufi yong, "milele", ambayo walimu huipenda kwa kuwa inakusanya mipigo minane ya msingi. Chini ya mstari wake wa wima pana ndoano ndogo. Mwenye bolpeni huichora kama pambo, au huisahau kabisa. Mwenye brashi hujua kazi yake: brashi ikifika chini husimama, manyoya hujikusanya, kisha ncha huruka juu kushoto, kule kule mpigo unaofuata unakoanzia. Ndoano ni njia ya kupita. Ukishaelewa hivyo kwa mkono, hata bolpeni yako hubadilika.

Lakini kuelewa huko hakuhitaji miaka. Saa moja ya brashi kwa wiki inatosha, na robo saa ya kalamu kila siku kwenye karatasi ya miraba ya tianzige, ile iliyogawanywa kama shamba lenye vipande vinne. Ukianza na brashi peke yake, muhula mzima utapita ukipambana na manyoya, na herufi hukuzikariri. Anayefanya mtihani wa HSK kwa karatasi ataandika kwa mkono wake. Anayefanya kwa kompyuta atachapa pinyin, na yeye ndiye mwepesi wa kusahau herufi.

Wino na karatasi ya xuan si lazima kununua. Kipo kitambaa cha kuandikia kwa maji, kinachokauka baada ya dakika chache. Na asubuhi katika bustani za Beijing wazee huandika kwa maji juu ya sakafu ya mawe, kwa brashi ndefu kama fagio. Ukiwaamkia vizuri, wengine watakupa brashi ujaribu, na watakusahihisha bila kuombwa.