Moto ya ndoto ya baba, mgongo wa mama

BUTEMBO – Mtu akisimama asubuhi kando ya barabara kubwa ya muji, anaona moto za namna mbili zikipita. Za kwanza ni za kazi, Boxer, TVS na ndugu zao: kiti kirefu kilicho sawa, chuma cha mizigo nyuma, dereva ameketi wima sawa na mtu aliye mezani. Za pili ni chache, lakini ndizo zinazogeuza shingo za vijana. Ni za mbio. Tangi limeinuka kama kifua cha jogoo, dereva anainama mbele, na nyuma yake kimebaki kipande kidogo cha kiti kilichopanda juu, chembamba, bila chuma cha kushikilia mizigo.

Kwenye kipande hicho kidogo ndipo mama wa nyumba anaombwa akae. Na hapo ndipo matata mengi ya nyumba yanapoanzia.

Baba amengoja miaka kuinunua. Amepita mara nyingi mbele ya duka, ameuliza bei, amehesabu. Siku anapoileta, majirani wanakuja kuitazama na watoto wanaigusa. Bibi anapanda, wanafika sokoni, anashuka polepole akishika kiuno. Jioni anasema: «Baba watoto, hii moto inaniumiza.» Mabwana wengi, wakisikia neno hilo, masikio yao yanasikia lingine kabisa. Wanasikia: hunishukuru, unadharau kazi yangu, unaona wivu. Kumbe bibi alisema jambo moja tu, kwamba mgongo unauma.

Msemo wa wazee unafaa hapa: kitanda usicholalia hujui kunguni wake. Kiti cha nyuma ni kitanda cha namna hiyo. Dereva ana usukani wa kushika, ana tangi la kubana kwa magoti, na analiona shimo kabla halijafika. Anaweza kujiinua kidogo, mshtuko ukapita chini yake. Aliye nyuma haoni shimo. Analijua linapokwisha kumpiga. Tena ameketi karibu kabisa juu ya gurudumu la nyuma, ambako mshtuko unapanda kwa nguvu zaidi. Kwenye moto za mbio, vikanyagio vya abiria viko juu, kwa hiyo magoti yanakunjwa. Mwenye kuvaa kikwembe hawezi kukunja magoti hivyo, basi anaketi upande. Kikwembe kinaning'inia karibu na gurudumu na mnyororo, mkono mmoja unashika mtoto, mwingine unashika dereva. Huyo mama hasafiri, anapigana asianguke.

Mabishano haya hayakuzaliwa Butembo. Nchi za mbali watu wanabishana hivyo hivyo juu ya magari ya mbio. Porsche 911, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka wa 1963, ina viti viwili vya mbele, na vya nyuma ni vidogo hata mtu mzima hapati pa kuweka miguu. Mazda MX-5, iliyotoka mwaka wa 1989, ina viti viwili tu. Magari ya namna hiyo yametengenezwa yawe chini, yenye springi ngumu na matairi membamba ya ubavu, ili yashike barabara kwenye kona. Ugumu huo huo unaomfurahisha dereva ndio unaomchosha aliye kando yake. Fundi aliyeyatengeneza hakukosea. Alifikiria mtu mmoja na barabara nzuri.

Lakini kule, bibi akichoka na gari ya bwana, mara nyingi kuna gari nyingine uani, kuna basi, kuna treni. Barabara ni lami. Mabishano yanaishia kwenye kicheko. Huku Kivu ya Kaskazini, moto moja ndiyo gari ya jamaa nzima. Ndiyo inayopeleka viazi na maharagi sokoni. Ndiyo inayomkimbiza mtoto mwenye homa kwenye kituo cha afya saa nane za usiku. Ndiyo inayompeleka mama mwenye mimba kupimwa. Na barabara yenyewe ni vumbi na mawe wakati wa jua, matope na makorongo wakati wa mvua.

Tena kuna jambo ambalo jamaa zilizokimbia vita zinalijua kuliko wote. Mwezi wa Juni 2024, Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, maelfu ya watu walipanda barabara ya kaskazini kuelekea Kayna, Kirumba, Lubero na hata Butembo. Upande wa Beni, tangu mauaji ya Oktoba 2014, vijiji vingi vimejifunza kuondoka kabla ya giza. Kwenye barabara za namna hiyo, hakuna anayeuliza moto yako inakimbia namna gani. Wanauliza inabeba nani. Inabeba bibi, watoto wawili, godoro, sufuria na kifuko cha unga? Au inabeba bwana peke yake na ndoto yake, wengine wakifuata kwa miguu?

Hii ndiyo sababu neno la mama kwamba «inaniumiza» halifai kuchukuliwa kama deko. Ni habari juu ya chombo cha nyumba. Kama vile mtu anavyosema paa linavuja. Anayesema paa linavuja hajamtukana aliyejenga.

Kuna pia hesabu ya feza. Moto mpya inapita dola 1 000, na kwa jamaa nyingi hiyo ni mavuno ya misimu mingi. Feza hiyo haikutoka mkono mmoja. Kuna mbuzi waliouzwa, ambao mama na watoto waliwachunga. Kuna zamu ya likelemba ambayo mama alikatwa kila wiki. Kuna akiba ya AVEC, kuna mihogo na ndizi ambazo mgongo huo huo unaouma ndio uliozibeba kutoka shambani. Kununua kwa jasho la watu wawili kitu kinachomfaa mmoja tu, kiisha kumwambia mwingine anyamaze, si haki hata kidogo.

Sheria nayo imesema. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilirekebishwa kwa sheria nambari 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Bwana amebaki kuwa mkuu wa nyumba, ndiyo. Lakini ruhusa ya bwana, ambayo zamani bibi aliilazimika kuiomba ili afanye tendo la kisheria, iliondolewa. Mahali pake sheria inataka bwana na bibi wapatane kwa matendo ya kisheria yanayowafunga. Hakuna anayesema mtu akimbilie mahakama kwa ajili ya kiti cha moto. Lakini aliye mkuu wa nyumba anaongoza watu, na anayeongoza watu huwauliza kabla ya kufungua mfuko wao.

Hata hivyo, haki inadai wababa nao wasikilizwe. Ndoto si dhambi. Mwanaume aliyepoteza shamba, ng'ombe na nyumba, anayeishi kwa kupangishwa chumba kimoja na kuitwa mkimbizi mbele ya watoto wake, anapotafuta kitu kimoja kizuri cha kusema «hiki ni changu», haombi mambo ya ajabu. Moto nzuri inamrudishia kimo chake kati ya wanaume wenzake. Mama anayemcheka mbele ya majirani, au anayesimulia kwenye bomba la maji kwamba bwana wake alinunua jogoo asiyelala na kuku, anaumiza mahali pasipoonekana. Neno la kweli likisemwa kwa dharau, linakataliwa pamoja na dharau yake. Liseme nyumbani, liseme mapema, liseme wazi: ni wapi panauma, ni baada ya safari ya namna gani, ni nini kingesaidia.

Wapo wanaojibu: atazoea tu. Wanaongeza kwamba wamama wa huku wamebeba mizigo mizito kuliko hiyo, tena kwa kichwa na kwa mgongo, kilometa nyingi. Ni kweli wamebeba. Lakini kwa sababu mtu amezoea kubeba kuni, je, hiyo ni ruhusa ya kumwongezea mzigo mwingine? Moto ilinunuliwa ili mzigo upungue. Na kwa kweli wengi hawazoei. Wanachofanya ni kuacha kupanda. Mama anaanza kusema leo nitaenda kwa miguu. Kiisha anaanza kumlipa motari mwingine mwenye kiti kirefu ampeleke soko, huku moto ya nyumba imefunikwa turubai uani. Franga zinatoka mara mbili: za mafuta ya bwana na za motari wa bibi. Na kidogo kidogo bwana na bibi hawaendi tena pamoja kanisani, wala kwenye kilio, wala kwa wakwe. Watu wanafikiri wamegombana. Kumbe kiti ndicho kilichowatenganisha.

Kabla ya kufika hapo, kuna mambo ya kufanya, na hayana gharama kubwa.

La kwanza, moto isinunuliwe na mtu mmoja. Siku ya kwenda dukani, bibi aende. Akae nyuma, na kikwembe chake, na mtoto kama yupo. Muuzaji akikubali, wazunguke kidogo, si kwenye lami mbele ya duka bali kwenye njia yenye mawe. Dakika kumi zinatosha kumwambia mtu jambo ambalo rangi ya tangi haiwezi kusema.

La pili, kama moto imekwisha nunuliwa, ipelekwe kwa fundi kabla ya kupelekwa kwa wazee wa usuluhishi. Matairi yaliyojazwa upepo kupita kiasi yanaifanya moto iruke kwenye kila jiwe, basi yapimwe. Springi za nyuma kwenye moto nyingi zina mahali pa kukazwa na kulegezwa kufuatana na uzito, na fundi anaweza kuzipanga kwa watu wawili. Washona viti wa muji wanaweza kubadilisha sponji, kupanua kiti na kukisawazisha. Chuma cha kushikilia kinaweza kuunganishwa nyuma, na kinga ya kuzuia kikwembe kisiingie kwenye gurudumu. Moto itapoteza kidogo sura yake ya mbio. Lakini itapata abiria wake.

La tatu, ikiwa hayo yote hayasaidii, bwana awe na moyo wa kuiuza au kuibadilisha. Moto ya mbio haipotezi heshima ya mtu kwa kuuzwa. Na ikiwa siku moja amani itarudi, barabara zikatengenezwa, mfuko wa nyumba ukapona, ndoto hiyo inaweza kununuliwa tena, kwa feza iliyowekwa kwa ajili yake, bila kugusa karo ya watoto. Bibi aliyesikilizwa leo ndiye atakayekuwa wa kwanza kusema siku hiyo: sasa nunua ile uliyoitaka.

La nne ni la dereva mwenyewe, na halina bei. Apunguze mwendo. Sehemu kubwa ya maumivu ya aliye nyuma haitoki kwenye kiti, inatoka kwenye mkono unaovuta gesi. Moto ya mbio hailazimishi mtu kukimbia. Anayembeba bibi yake kama anavyobeba mayai atasikia malalamiko machache, hata juu ya kiti kibaya.

Wachungaji, mapadri, maimamu na wazee wanaofundisha vijana wanaotaka kuoana wanazungumza nao juu ya mahari, wakwe na watoto. Ingefaa waongeze swali moja dogo: mtakaponunua kitu kikubwa cha kwanza, ni nani atakijaribu kabla ya feza kutolewa? Jibu la vijana hao litaonyesha mengi juu ya nyumba itakayojengwa.

Kivu hii watu wamejifunza kupima vitu kwa siku mbaya, si kwa siku nzuri. Nyumba inapimwa wakati wa mvua, jirani anapimwa wakati wa kukimbia. Moto nayo ipimwe hivyo. Baba anayetaka kujua kama ya kwake ni nzuri asiwaulize vijana wa barabarani, maana hao wanaiona ikipita tu. Amwulize aliye nyuma yake. Kiisha akae yeye mwenyewe kwenye kile kipande cha kiti, mtu mwingine aendeshe, kutoka hapa hadi Beni, kilometa 54. Atakaposhuka, maneno ya bibi yake hayatahitaji mkalimani.