Kabla ya Lipu, Fuata Maji

Masika yanapokatika na kiangazi kuingia, sisi mafundi wa Ngara na Biharamulo huanza kuitwa majumbani. Maharage yamevunwa, kahawa imeanza kuuzwa, na mama aliyekuwa akitazama ukuta wake ukimomonyoka tangu Machi sasa ana fedha kidogo mkononi. Wito huwa ni uleule: "Fundi, njoo utupigie lipu."

Ni wito mzuri. Nyumba iliyopigwa lipu inapendeza, na mwenye nyumba anafurahi kupokea wageni. Lakini kwa miaka mingi niliyoshika mwiko nimeona kwamba fedha nyingi za akina mama hupotea hapo hapo kwenye lipu. Si kwa sababu lipu ni mbaya, bali kwa sababu imewekwa kabla ya wakati wake. Methali yetu inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi anaongeza neno moja: kabla ya kuuziba, mjue kwanza aliyeupasua. Mara nyingi, katika vilima vyetu hivi, aliyeupasua ni maji.

Wazee walijua

Tazama msonge wa nyasi, ile nyumba ya duara iliyojulikana sehemu nyingi za Kagera. Paa lake lilishuka karibu kufika chini. Mvua ilipopiga, maji yaliteremka juu ya nyasi na kuanguka mbali na ukuta. Wazee hawakuwa na saruji, lakini walijua kwamba ukuta wa udongo hauogopi jua wala upepo, unaogopa kulowa.

Bati lilipokuja tulifurahi, na kwa haki. Halivuji, haliliwi na mchwa, wala halihitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Lakini bati ni ghali, na kwa kubana matumizi tukafupisha upenu. Leo utaona nyumba nyingi ambazo bati limeuzidi ukuta kwa kiganja kimoja tu. Maji ya paa zima yanaanguka mguuni pa ukuta, yanachimba mfereji, yanarusha matope juu ya matofali, na mwisho msingi unabaki wazi kama mzizi wa mti ulioko kando ya korongo. Upenu mzuri hutoka nje ya ukuta sentimita 60 au zaidi. Hiyo ni kazi ya mbao chache na bati chache, na inaulinda ukuta kuliko mifuko mitatu ya saruji.

Ufa unasema nini?

Mama mwenye nyumba anaweza kuusoma ufa mwenyewe hata kabla fundi hajafika.

Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotambaa juu ya lipu tu, hutokana na lipu kukauka upesi. Hizo haziangushi nyumba. Ufa unaopanda ngazi kwa ngazi, ukifuata viungo vya matofali, husema kwamba msingi umetitia upande mmoja. Ufa unaotoka kwenye pembe ya dirisha au mlango na kwenda mshazari husema mara nyingi kwamba juu ya nafasi ile hakuna lenta, au ipo lakini ni dhaifu. Na lipu inayobanduka kuanzia chini hadi usawa wa goti ni dalili ya unyevu unaopanda kutoka ardhini.

Kama huna hakika iwapo ufa bado unaendelea, chukua kipande cha karatasi, kibandike kwa gundi kukatisha ufa, na uandike tarehe juu yake. Kiache mpaka msimu wa mvua upite. Karatasi ikichanika, ufa unatembea, na kuuziba sasa ni kutupa fedha. Ikibaki nzima, umetulia, na unaweza kuuziba kwa amani.

Mama wa lipu tatu

Nakumbuka mama mmoja mjane wa huku Ngara, mwenye nyumba ya vyumba viwili ya matofali ya kuchoma yaliyojengewa kwa udongo. Alikuwa amepiga lipu mara mbili katika miaka mitano. Kila masika ilibanduka. Mara ya tatu alikopa fedha katika kikundi chao cha akina mama, akaniita. "Fundi, fedha hii ni ya lipu tu. Sina nyingine, na ya kikundi lazima irudi."

Nilimwomba tuzunguke nyumba pamoja. Upande wa bondeni tulikuta mfereji uliochimbwa na maji ya paa, wenye kina cha kiganja na zaidi, na mawe ya msingi yakionekana. Nikamwambia, "Mama, fedha yako inatosha kwa jambo moja. Ama tumpambe mgonjwa, ama tumtibu." Alikaa kimya muda mrefu. Alijua majirani watasema nini: mama amekopa, fundi amekuja, na ukuta bado ni uleule mchafu.

Akachagua tiba. Tulijaza mawe na udongo wa kushindilia pale penye mfereji. Tukatengeneza mkanda wa sakafu wenye upana wa mita moja kuzunguka nyumba, ukiinama kuelekea nje ili maji yakimbie. Tukafunga gata upande mmoja, na pipa chini yake. Fedha ikaisha. Ukuta ulibaki bila lipu mwaka mzima, na majirani walisema waliyosema. Masika yalipopita aliniita nikaushike ukuta kwa mkono: ulikuwa mkavu hadi chini. Ndipo tukapiga lipu. Mpaka sasa imekaa.

Siyasemi haya kuwasifu mafundi. Aliyekuwa na kazi ngumu ni yeye, aliyekubali kutumia fedha ya mkopo kwa kitu ambacho hakuna mgeni angekiona.

Maji yaleyale yanaweza kukutumikia

Kuna hesabu moja ambayo ningependa kila mama aijue. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa 6 ina mita za mraba 48. Mvua ya milimita 10, ambayo si kubwa kwa huku kwetu, inaweka juu ya paa hilo lita 480. Hayo ni karibu madumu 24 ya lita 20.

Maji hayo lazima yaende mahali. Bila gata, yataenda kwenye msingi wako. Ukiwa na gata na tangi, yatakuwa ya kufua, kuosha vyombo na kunyweshea mbuzi, na binti yako ataokoa safari za bondeni kabla ya kwenda shule. Yaache maji ya mwanzo ya mvua yapite, kwa sababu yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Na ya kunywa yachemshwe. Mwenye fedha kidogo aanze na gata la upande mmoja tu, ule unaoathirika zaidi.

Lipu yenyewe, na mchanga wake

Wakati wa lipu ukifika, nao una masharti yake. Ukuta wa miti na udongo haupatani na lipu ya saruji tupu. Saruji ni ngumu na udongo hutanuka na kunywea. Baada ya misimu michache vinaachana, na nyuma ya lipu unakaa unyevu na mchwa. Ukuta wa namna hiyo upakwe udongo uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwa fupi, na urudiwe kila kiangazi. Si aibu. Ni matunzo.

Kwa ukuta wa matofali ya kuchoma, fundi akwangue kwanza udongo kwenye viungo, kina cha sentimita mbili hivi, aloweshe ukuta, kisha azibe viungo kwa mchanganyiko wa saruji. Wengi huishia hapo, na nyumba hudumu bila lipu yoyote kwa nje.

Usikubali mchanga wowote uletwe. Chukua chupa inayoonyesha ndani, tia mchanga hadi nusu, jaza maji, tikisa, iache itulie. Mchanga utashuka kwanza na udongo utakaa juu yake. Tabaka la udongo likiwa nene, mchanga huo uoshwe au urudishwe. Mchanganyiko upimwe kwa ndoo au karai, usikadiriwe kwa macho. Kwa kujengea matofali, ndoo moja ya saruji kwa sita za mchanga inatosha. Na kazi ya saruji imwagiliwe maji kwa siku saba. Saruji haipati nguvu kwa kukauka. Inapata nguvu kwa kushikana na maji. Hii ni kazi ambayo fundi huiacha mikononi mwa mama na watoto, na isipofanyika, kazi yote ya fundi huwa unga.

Somo la 2016

Tarehe 10 Septemba 2016 mkoa wetu ulitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9. Madhara makubwa yalikuwa Bukoba na wilaya za jirani, watu walipoteza maisha, na maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka. Kagera yote iko karibu na tawi la magharibi la Bonde la Ufa, kwa hiyo si jambo la wenzetu peke yao.

Ukuta wa matofali yaliyoshikwa kwa udongo unabeba uzito wa kushuka vizuri, lakini ukitikiswa kwa ubavu hufunguka pembeni. Kinachoufunga ni lenta ya zege na nondo inayozunguka nyumba nzima kama mshipi, si vipande tu juu ya milango. Kuiongeza kwenye nyumba iliyokwisha jengwa ni kazi kubwa, ila kuna wakati mmoja inakuwa nafuu: siku mnapofumua paa kubadili bati au kenchi. Siku hiyo msikimbilie kurudisha bati. Ulizeni kwanza habari za lenta.

Usibomoe haraka

Wapo wanaoshauriwa kubomoa yote na kuchoma matofali mapya. Watu wa Ngara hawahitaji kufundishwa thamani ya kuni. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benako ikawa mji. Watu walihitaji kupika na kujisitiri, na miti ya vilima vya jirani ikaisha. Tuliona wenyewe kwamba mti hukatwa kwa dakika na kurudi kwa miaka.

Tanuri la matofali nalo linakula miti. Kwa hiyo ukuta ulio wima, ambao timazi linaonyesha kuwa haujainama, utengenezwe. Ikibidi kubomoa, tofali zima lisafishwe na lirudi kazini. Na anayejenga chumba kipya aulizie matofali ya kufungamana, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyaeneza: ni udongo na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, na hayachomwi kabisa.

Wewe na fundi wako

Mama, usiogope kumwuliza fundi. Fundi mzuri hupenda kuulizwa. Mwambie akuonyeshe kwa timazi kwamba ukuta umenyooka, na kwa pimamaji kwamba sakafu inainama upande unaotakiwa. Andikeni mapatano katika daftari, hata ukurasa mmoja: kazi gani, vifaa gani, siku ngapi, malipo kiasi gani. Lipa kwa hatua, na hatua ya mwisho ibaki mpaka kazi ikaguliwe. Fundi apate chakula na heshima yake. Wewe upate kazi uliyolipia. Na kazi itakayofunikwa, kama msingi, nondo na mawe, ikague kabla haijafunikwa. Ikishafunikwa, utakuwa unalitegemea neno la mtu.

Wengi wetu tumefundishwa tangu utoto habari za nyumba mbili, moja juu ya mwamba na nyingine juu ya mchanga. Kama fundi, jambo linalonigusa katika mafundisho hayo ni kwamba siku ya kiangazi mpita njia asingeweza kuzitofautisha. Mvua ndiyo iliyokuja kukagua kazi ya mafundi wale.

Basi mwezi huu, kabla hujanunua mfuko wa saruji, zunguka nyumba yako mara moja. Tazama upenu, tazama chini ya ukuta, tazama maji ya mvua iliyopita yalikopita. Mwite baba wa nyumba, au mwanao mkubwa, mtazame pamoja. Andikeni mlichoona, na mpange kipi kianze. Vuli haiko mbali.