Je, Wasio na Dini Nao Wana Dini Yao?

Katika mijadala ya dini miongoni mwa wasomi wetu imezoeleka hoja moja: kwamba wanaokana kuwapo kwa Mungu, mara wanapojiunga katika chama, huwa wameanzisha dini nyingine. Hoja hii hutolewa kwa kejeli, na mjadala huishia kwenye kicheko. Naona inastahili kujibiwa kwa uzito, kwa sababu jibu lake linagusa haki za raia.

Mfano wa karibu uko kwa jirani zetu. Mwezi Februari 2016 jumuiya ya Atheists in Kenya ilipata usajili wa serikali. Aprili mwaka uleule usajili ukasimamishwa kwa hoja ya kulinda amani ya umma, ingawa baadaye jumuiya iliendelea na kazi zake. Ina viongozi, wanachama, mikutano na matamko. Mei 2021 kiongozi wake, Harrison Mumia, aliutangazia umma kwamba katibu wao amejiuzulu kwa kuwa amempata Yesu Kristo. Wengi walicheka wakisema: tazameni, hata wao wana watu wanaoongoka!

Kufanana huko kupo, na hakukuanza Kenya. Karne ya 19 Auguste Comte wa Ufaransa alibuni Dini ya Ubinadamu, akaipa kalenda ya miezi 13 iliyobeba majina ya watu mashuhuri badala ya watakatifu. Katika Urusi ya Kisovieti, wafuasi wa chama kilichopiga vita makanisa na misikiti walipanga foleni kuutazama mwili wa Lenin uliohifadhiwa kama masalia matakatifu. Mwaka 2013 jijini London kikaanzishwa Sunday Assembly, mkusanyiko wa Jumapili wenye nyimbo na mawaidha, bila Mungu. Tukifuata maelezo ya Émile Durkheim ya mwaka 1912, kwamba dini ni imani na matendo kuhusu vitu vitakatifu yanayowaunganisha watu katika jumuiya moja ya kimaadili, baadhi ya vikundi hivi vinaukaribia sana mpaka huo.

Lakini tusichanganye kikundi na fikra. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 755,750 wasio na dini. Nani atadai kwamba wote hao ni waumini wa chama kimoja, wenye kiongozi mmoja na kanuni moja ya imani? Walio wengi hawana mahali wanapokutana. Hata neno tunalowaitia, wakanamungu, limetungwa na upande wa pili: linamtaja mtu kwa kile anachokikana, kana kwamba ameshtakiwa na sasa anakana shitaka.

Kwangu mimi, kipimo kiko katika namna kundi linavyomtendea anayehoji na anayeondoka. Milima ya Uluguru inatufundisha jambo hapa. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, kwa jina la utaalamu wa kuhifadhi udongo. Wakulima waliona kwamba uchimbaji ule ulileta juu udongo usio na rutuba na kufukia ule mzuri. Hawakusikilizwa, waliokaidi waliadhibiwa, hadi upinzani ukalipuka Matombo mwaka 1955 na mpango ukaachwa. Mpango ule haukuwa na Mungu wala sala, lakini ulikuwa na fundisho lisilohojiwa na adhabu kwa mwasi. Sayansi inayokataa kuulizwa imeshaacha kuwa sayansi.

Kwa kipimo hicho, mkanamungu anayemdhihaki kila muumini na kuwaona wazee wanaotambika kuwa wajinga wa kukombolewa amebeba tabia ileile anayoilaumu. Ila jumuiya iliyomwacha katibu wake aende kwa Yesu na kuitangaza habari hiyo yenyewe haikumtendea kama mwasi. Zipo jumuiya za waumini ambazo zingeona ugumu kufanya hivyo.

Kwa nini basi wasio na dini waige taratibu za dini? Nadhani sababu ni kwamba milango mikuu ya maisha tumeikabidhi dini. Ndoa ina mlango wa pili: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mtu kufunga ndoa ya kiserikali bomani. Mazishi hayana bomani. Mtu akifariki, swali la kwanza msibani ni iwapo atazikwa na shehe, padre au mchungaji. Huku milimani, ukoo wa upande wa mama ulikuwa na nafasi yake katika kumsindikiza marehemu kabla ya mission kufika, na katika familia nyingi wabatizwa na matambiko vimeishi pamoja bila kuulizana maswali mengi. Asiye na dini hana wa kumsemea neno la mwisho. Akiwatafuta wenzake wamtayarishie neno hilo, tusimcheke kwamba ameanzisha kanisa. Anatafuta wa kumzika.

Katiba yetu imelielekeza jambo hili vizuri. Ibara ya 3 inaitaja Jamhuri kuwa nchi isiyo na dini, na ibara ya 19 inalinda uhuru wa mawazo na imani, pamoja na haki ya kubadilisha dini. Tangu sensa ya 1967 dola haijawahesabu wananchi kwa dini zao. Inayobaki nyuma ni mazoea yetu. Shahidi mahakamani huulizwa dini yake kabla ya kuapa au kuthibitisha. Asiye nayo asiangaliwe kama mtu asiyeweza kusema kweli. Mtumishi wa umma anayejaza fomu ya mwananchi akubali neno "hana" kuwa jibu kamili. Na mwanafunzi anayeficha mashaka yake kwa kuogopa kutengwa apate darasa la kuyasema, akijua kwamba naye atahojiwa kama wengine.

Ukana-Mungu uliopangwa unaweza kugeuka dini, kama chama chochote kinavyoweza. Hata ukigeuka, wafuasi wake watastahili ulinzi uleule tunaoupa misikiti na makanisa. Usipogeuka, wanaustahili vilevile. Anayewaambia "nanyi ni dini tu" huku akiwanyima haki ambazo dini yake inazo, ameisahau hoja yake mwenyewe.