Utulivu Haupatikani kwa Fimbo

Tangu mwaka 2014, Umoja wa Mataifa ulipoitenga tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, mazoezi hayo ya India yamezidi kujulikana, na yapo mawazo kwamba yaingizwe madarasani ili kuwatuliza wanafunzi. Sisi hatuyapingi. Lakini twaona kwamba mwalimu wa Tarime au Serengeti akiyachukua mazoezi bila msingi wake, atakuwa ameezeka nyumba isiyo na kuta.

Katika Yoga Sutra, maandishi ya kale yanayonasibishwa na Patanjali, njia ya yoga ina viungo vinane. Ukaaji wa mwili ni kiungo cha tatu, pumzi ni cha nne, na kutafakari ni cha saba. Cha kwanza ni maadili matano: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kuzuia tamaa za mwili na kutolimbikiza mali. Cha pili ni malezi ya nafsi, kama vile usafi, kuridhika na bidii. Mpangilio huu wenyewe ni somo la ufundishaji: tabia hutangulia, utulivu hufuata.

Maadili hayo si mageni mkoani Mara. Wizi wa ng'ombe na mapigano ya koo yamewaumiza watu kwa miaka mingi, na Wakurya wana iritongo, mkutano wa jamii ambamo makosa ya namna hiyo hujadiliwa hadharani. Mwanafunzi anayefundishwa kutodhuru aweza kumfikiria mara moja mtoto wa ukoo mwingine aliyeketi naye dawati moja. Hapo ndipo somo huanza.

Hata hivyo, somo hilo humgusa mwalimu kwanza. Kanuni za mwaka 2002 zilimwachia adhabu ya viboko mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na zikaweka ukomo wa viboko vinne. Lakini fimbo haijatoweka madarasani. Mwalimu aliyeishika atawaamuruje watoto watulie? Atapata ukimya wa hofu. Na hofu na utulivu, ijapokuwa vyote havina sauti, si ndugu.

Twapendekeza njia nyepesi. Kabla ya kipindi cha kwanza, mwalimu aweke fimbo kando, aketi pamoja na wanafunzi, migongo ikiwa wima, wote wafuatilie pumzi zao kwa dakika tatu. Asilazimishwe yeyote kubana pumzi wala kufumba macho. Sala na nyimbo za dini ya Kihindu waachiwe wenyewe, ili mzazi Mkristo, Mwislamu au afuataye mila asiwe na shaka. Kisha liulizwe swali moja la maadili, lijadiliwe kwa mifano ya kijijini.

Zoezi hili halihitaji fedha wala vifaa. Lahitaji mwalimu aliye tayari kuanza na nafsi yake. Asiye tayari na aiache yoga, afundishe hesabu zake kwa upole. Upole huo ndio kiungo cha kwanza.