Meno ya Utoto Nayo ni Meno



Usiku mmoja mama aliingia wodini kwetu na mtoto wa miaka minne, shavu limevimba mpaka jicho limefumba. Magego mawili yalikuwa yameoza hadi ndani. Mama akasema, "Sista, nilijua yanamuuma, lakini si ya utoto? Nikajua yatang'oka tu." Mama huyu si mzembe. Wengi wetu tumelelewa na neno hilo, na leo nataka kulipinga.

Meno ya utoto ni 20, na baadhi ya magego hayo hukaa mpaka mtoto afikie miaka 10 hadi 12. Ndiyo anayotafunia chakula cha kumkuza, na ndiyo yanayoshika nafasi ya meno ya ukubwani. Yakioza, mtoto hali, halali, na darasani hasikii.

Mungu ameweka mlinzi kinywani, nayo ni mate. Mate si maji matupu. Yana chokaa na madini mengine ya kuimarisha jino, na hupunguza ukali wa asidi. Mtoto akila kitu kitamu, vijidudu hugeuza sukari kuwa asidi inayolainisha gamba la jino. Mate huirekebisha hali hiyo, lakini yanahitaji kama nusu saa hadi saa nzima. Mtoto anayelamba pipi mchana kutwa hayapi mate nafasi. Usingizini mate hupungua sana, hivyo chupa ya maziwa ya sukari au juisi kitandani ni adui mkubwa.

Siku hizi wataalamu hupima mate maabara. Mwili ukipambana na vijidudu huzalisha chembe kali zinazoweza kuuharibu wenyewe, kama kutu inavyokula chuma, na mate yana kinga dhidi ya chembe hizo. Tafiti kadhaa zimekuta kinga hiyo iko juu zaidi kwa watoto wenye meno mabovu, kana kwamba mwili unajitetea. Nyingine hazikuona tofauti. Ni kazi njema, lakini bado si kipimo cha kumwambia mzazi kama meno ya mwanawe yataoza. Basi mtu asikuuzie vidonge vya "kusafisha mate".

Kipimo tulicho nacho nyumbani ni jicho la mzazi. Kila mwezi, inua mdomo wa juu wa mtoto penye mwanga. Ukiona madoa meupe yasiyong'aa karibu na ufizi, jino linaanza kuharibika, lakini bado laweza kuokolewa. Likiwa la kahawia au limetoboka, usingoje maumivu. Mpeleke kwa tabibu wa meno.

Fanyeni na haya:

1. Mswaki mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi. Chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Mtoto ateme.

2. Mzazi amsaidie mtoto kupiga mswaki mpaka afike kama miaka 7.

3. Kitu kitamu kiliwe pamoja na mlo, si kutwa nzima. Katikati ya milo, maji.

Nina ombi pia kwa WAWATA na walezi wa Utoto Mtakatifu. Sikukuu zetu za watoto zimejaa pipi na soda. Tunawapenda, kwa hiyo tunawapa utamu. Naona wakati umefika meza hiyo iwe na ndizi, machungwa na mahindi ya kuchemsha. Watoto watafurahi vilevile, na usiku watalala.

Yule mtoto alipona, lakini magego yake mawili tuliyang'oa. Ya ukubwani yatakayochukua nafasi hiyo atayangoja miaka sita au zaidi.