Zanzibar na urithi wa Mercury: Jina lauzwa, mengine yanyamaziwa

Watalii wengi waendao fukwe za Paje, kusini mashariki mwa Unguja, hupitia kwanza Mji Mkongwe, na huko jina moja haliepukiki: Freddie Mercury. Mwanamuziki huyo wa kundi la Queen alizaliwa Zanzibar Septemba 5, 1946, akiitwa Farrokh Bulsara. Mwaka 2019 jumba la makumbusho yake lilifunguliwa Shangani.

Swali linalokwepwa ni kama msanii anaweza kuenziwa mahali ambapo sehemu ya maisha yake ni kosa la jinai. Mwaka 2004 Zanzibar ilikaza sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, ikiwajumuisha wanawake. Septemba 2006, sherehe ya ufukweni ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya jumuiya ya Uamsho kuipinga kwa hoja ya maadili. Novemba 2018, shirika la Amnesty International lilitangaza kuwa wanaume 10 walikamatwa Pongwe, ufukwe ulio kaskazini ya Paje, kwa tuhuma za kufanya harusi ya jinsia moja.

Katika mabishano hayo, sanaa yenyewe husahauliwa. Mercury alisomea uchoraji wa michoro ya matangazo katika chuo cha Ealing, London, na ndiye aliyebuni nembo ya Queen: simba wawili, kaa, na wasichana wawili wenye mabawa, juu yao ndege wa hekaya anayefufuka kutoka majivuni. Wanyama hao ni nyota za wanamuziki wanne, Asadi, Saratani na Sumbula, majina ambayo wanajimu wa pwani wanayajua vizuri kuliko mashabiki wa Ulaya. Wimbo wake wa Mustapha, wa mwaka 1978, umejaa maneno ya Kiarabu. Familia yake ilikuwa ya Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta yenye asili ya Uajemi, na makuhani wa dini hiyo ndio walioongoza ibada ya mazishi yake mwaka 1991.

Uajemi huo si mgeni Unguja. Makunduchi, kusini ya Paje, kila Julai huadhimisha Mwaka Kogwa kwa kalenda ya jua yenye asili hiyo hiyo: watu hupigana kwa migomba, kibanda huchomwa moto. Waislamu wa huko wameitunza mila hiyo bila kuona imani yao inatikisika. Hoja kwamba kila kilicho tofauti kimeletwa na watalii ni dhaifu basi, ingawa wanaoitoa wana haki ya kuulizwa kwa heshima, kwani fukwe zao zimebadilika bila wao kushauriwa.

Mzigo wa ukimya huu hauwaangukii wote sawasawa. Msanii wa kigeni aweza kuchora Paje atakacho kuhusu mapenzi, roho na bahari, kisha akapanda ndege. Mzaliwa wa kijiji akigusa mada hiyo hubaki na majirani, wazee na polisi, na makatazo hayo bado yamo katika sheria.