Tusivae Mwangwi wa Kuazima

Kila nyumba ina sauti yake. Mtu apigapo kofi katika chumba kitupu, kofi hilo hugonga kuta, sakafu na dari, likarejea sikioni vipande vipande, kila kimoja kimechelewa kidogo kuliko mwenzake. Namna vipande hivyo vinavyorejea na kufifia ndiyo chapa ya nyumba ile.

Mafundi wa sauti wamejua kuichukua chapa hiyo na kuihifadhi. Hupasua puto, wakanasa mwangwi wake. Njia iliyo bora zaidi ni ile iliyoelezwa na Angelo Farina wa Italia mwaka 2000: spika hutoa mlio unaopanda kutoka mitetemo 20 kwa sekunde hadi 20,000, kisha kompyuta huondoa mlio wenyewe ikabakiza mwitiko wa nyumba. Hatimaye huja hesabu iitwayo konvolusheni. Sauti ya mwimbaji hukatwa, kwa kipimo kilichozoeleka, vipande 44,100 kila sekunde. Kila kipande huzaa mwangwi wake kwa kufuata chapa ile, na yote hujumlishwa. Mwimbaji husikika kana kwamba alisimama nyumbani humo.

Kufikia hapo hatuna ugomvi na mtu. Elimu ni mali ya wanadamu wote. Ugomvi wetu ni huu: chapa ni za nani? Programu nyingi zinazouzwa huja na chapa za makanisa makuu na kumbi za Ulaya. Kwaya inayoimba nyimbo zilizotungiwa makanisa hayo na izitumie. Ni haki yake. Lakini fundi wetu humchukua manju wa ngoma, aliyelelewa na uwanja wa wazi, akamfungia katika kanisa la mawe ambamo sauti hukawia sekunde kadhaa kabla ya kufa. Maneno hupandana, vina humezwa, fumbo hupotea. Sisi watunzi wa mashairi twaujua uchungu huo: mizani iliyohesabiwa kwa jasho hufutwa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Wapo watakaosema kwamba mwangwi hauna taifa, kwani jiwe ni jiwe popote. Twawajibu: jiwe ni jiwe, ila nyumba ni kazi ya watu. Nyumba za kale za mwambao wetu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, nao kwa kawaida hauzidi sana mita tatu. Ndiyo maana vyumba vile ni vyembamba na virefu, na mwangwi wake ni mfupi. Anayeichukua chapa ya chumba hicho amechukua pia kazi ya waliokata mikoko na kuchoma chokaa.

Wengine watasema kazi hii yaweza kungoja. Haiwezi. Watafiti wa Ufaransa walipima mwangwi wa Kanisa la Notre-Dame la Paris mwaka 2013. Tarehe 15 Aprili 2019 moto uliteketeza paa lake, na vipimo vile vikawa msaada kwa waliotaka kujua sauti ya kanisa kabla ya msiba. Kwetu, Beit el-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Picha za jumba lile ni tele, nazo zaweza kumwongoza mwashi. Lakini picha haisemi jinsi hatua ya mtu ilivyosikika ukumbini, na ukumbi ulioanguka haupigwi kofi tena.

Kilwa Kisiwani, baadhi ya kuba za Msikiti Mkuu zingali zimesimama. Zimo nyumba nyingine katika miji yetu, hazina jina vitabuni, na kila masika huzipunguzia ukuta. Je, tungoje mgeni aje kuzipima, kisha tununue kwake sauti ya babu zetu?

Walimu, wafundisheni vijana somo hili katika fizikia na katika fasihi pia. Wanafunzi, ombeni idhini ya wenye nyumba, ingieni kwa adabu, nyamazeni, kisha pasueni puto. Puto na kinasa sauti kizuri vyatosha kwa kuanzia. Andikeni jina la mahali, tarehe, na vipimo vya chumba. Hazina hii haigharimu fedha nyingi, hugharimu kuchelewa.